Bi Milimita na Ndoo Zilizokuja Mbio

Tarehe 28 Novemba, saa tisa na nusu alasiri, daktari wetu bingwa wa patholojia atakabidhi funguo za maabara baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wengi tunamwita Bi Milimita. Jina hilo alipewa na wapasuaji, na mwanzoni halikuwa la kumsifu.

Alianza kazi katika chumba kimoja chenye sinki lililoziba na dirisha linalotazama chumba cha kufulia. Leo maabara ina vyumba vinne. Hadubini yake ya kwanza bado iko mezani kwake, kwa sababu, anavyosema, mpya zinaringa. Amefundisha madaktari kumi na tisa, na somo lake la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa kuchonga penseli. Keki ya chai ya idara hukatwa na yeye peke yake. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mwenzake kapata kipande kikubwa. Mumewe ni mwalimu wa hesabu, lakini hukiri kwamba nyumbani anayepima ni mkewe, yeye hukadiria tu.

Yote hayo ni mazuri, lakini anayetaka kumjua mama huyu aulize habari ya majaribio ya upasuaji wa matundu.

Miaka tisa iliyopita, bingwa wetu wa upasuaji alikuwa na swali. Wagonjwa wa saratani ya puru, sehemu ile ya mwisho ya utumbo mpana, walikuwa wakipasuliwa tumbo kuanzia kitovuni kwenda chini na kulazwa siku kumi. Njia mpya ilihitaji matundu machache madogo na kamera, na mgonjwa alirudi nyumbani siku ya tano. Je, kupitia matundu hayo saratani hutoka yote? Waliokubali kushiriki waligawanywa kwa kura, nusu huku, nusu kule.

Kilichokatwa kilifika maabara ndani ya ndoo yenye kifuniko na namba tu. Bi Milimita alikipaka wino kwa nje, akakichanja vipande vyembamba, kisha akapima chini ya hadubini umbali kati ya saratani na wino. Ukiwa chini ya milimita moja, mgonjwa asiambiwe amepona. Anahitaji tiba zaidi, na upesi. Hakutakiwa kujua ni njia ipi iliyotumika, jicho lake lisije likapendelea.

Mwezi wa kumi na tano wa majaribio aligundua kwamba anajua.

Ndoo za upasuaji wa zamani zililetwa na mhudumu kwa toroli, pamoja na mikojo na makohozi, kila alipopata nafasi. Za matundu zililetwa na muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji mwenyewe, mbio, akiita tangu mlangoni: "Shoga, pokea hii, bado ya moto!" Hakuwa na hila. Alikuwa na furaha ya mtambo mpya, kama sisi sote.

Bi Milimita aliandika barua ya mistari minne: vipimo vyake vya ndoo thelathini na moja visiaminiwe mpaka mtu mwingine avirudie. Bingwa wa upasuaji, aliyeihangaikia kazi hiyo miaka mingi, alishuka ngazi na barua mkononi. Waliokuwa chumba cha pili walimsikia.

"Dada, unaizika kazi yangu ingali hai!"

"Kaka, heri tuzike kazi kuliko kuzika mtu," alijibu, jicho likiwa bado kwenye hadubini.

Vioo vyote vilivyobandikwa vile vipande vyembamba vilipelekwa kwa daktari wa hospitali nyingine, asiyejua lolote. Vipimo thelathini vilikubaliana. Kimoja hakikukubaliana. Bi Milimita alikuwa ameandika milimita moja na nukta mbili. Mwenzake aliandika sifuri nukta sita. Aliomba kioo kile, akakitazama upya, akasema mwenzake amepima sawa. Ilikuwa ndoo iliyokuja mbio.

Ndoo hiyo ilikuwa ya fundi cherehani aliyeambiwa miezi mitatu kabla kwamba amesafika. Aliitwa siku hiyohiyo. Alianza dawa na mionzi wiki iliyofuata. Kosa liliandikwa kwenye ripoti kwa mkono wa Bi Milimita, pamoja na cheo chake na sahihi.

Majaribio yaliendelea. Tangu hapo ndoo zote husafiri kwa toroli moja, saa nane kamili, na muuguzi mkuu hukaa alipo. Jibu lilipopatikana halikumpa bingwa wetu kila alichotaka: kwa uvimbe ulio juu, njia zote mbili zilitoa saratani sawasawa, lakini kwa ulio chini kabisa, kisu cha zamani kilisafisha vizuri zaidi. Alilisoma mbele ya wenzake bila kupunguza neno. Ndivyo tunavyowachagulia wagonjwa wetu njia hadi leo.

Mwezi uliopita fundi cherehani alikuja kwa uchunguzi wa mwaka wa saba. Picha zilikuwa safi. Akitoka alipotea ujia, akamwuliza mama mmoja aliyevaa koti jeupe dirisha la dawa liko wapi. Mama alitupia jicho jina kwenye faili, akalisoma mara ya pili, kisha akampeleka mwenyewe mpaka dirishani. Karani wa dawa alisikia yaliyofuata.

"Mama, pindo la koti lako limefumuka. Lilete dukani nikushonee, usije ukajikwaa."

Alilipeleka kesho yake. Limeshonwa, na aliyelishona hajui amemshonea nani.

Daktari, asante kwa miaka thelathini na minne. Tunakuombea mingine mingi yenye afya na raha, na hiyo tafadhali usiipime.