Tata Stanislas na Picha Iliyopelekwa Vitani

Familia ya marehemu inawaomba mkae kimya, maana kelele mmekwisha kupiga za kutosha.

Mzee wetu, Tata Stanislas Ntambwe, alizaliwa Kisenge tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Tata Kanku, mchimbaji wa manganizi, akasoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari Kolwezi mwaka 1980, na mwaka 1983 akafungua studio ya picha hapa Musonoi, ambamo wengi wenu mlipigwa picha za harusi mkiwa mmeazima koti lake.

Tarehe 9 Agosti 1986 alimwoa Mama Tshibola, wakajaliwa watoto wanne, na kitinda mimba wao, Gael, alifukiwa na udongo katika shimo la kobalti kule Mutoshi tarehe 17 Mei 2023, akiwa na miaka ishirini na minne. Tata alimpiga picha akiwa bado na matope usoni, kwa kuwa wakubwa wa ukoo walioko Kasai hawakuweza kufika, na kwetu asiyeona maiti huonyeshwa walau picha, akawatumia kwa simu.

Mwezi wa pili 2025, vita vikiwa vimepamba moto Mashariki, picha hiyo iliingia katika simu zenu ikiwa na maandishi kwamba huyo ni mmoja wa waliochinjwa Goma, na ninyi mliobeba jeneza la Gael, mliokula bukari, ule ugali wa kilio chake, siku tatu, mlimlilia upya kama mgeni, mkaapa kulipiza kisasi, mkamvunjia kibanda Mama Noëlla, muuza vitenge, eti ni mpelelezi kwa sababu ametoka Goma, yaani mliililia Goma kwa kumshambulia mtu wa Goma. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila siku ile Musonoi nzima ilikuwa na kipara.

Tata alisimama mbele ya kibanda kile, ameinua picha yake, akipaza sauti, "Huyu ni mutoto yangu, mulimuzika benyewe!", akajibiwa kwamba mzee amenunuliwa na waasi. Ilimuuma sana, hakupiga picha tena, presha ikampanda, akapooza upande wa kulia mwezi wa sita, na tarehe 3 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akafariki mikononi mwa mkewe, bila hata mmoja wenu kuja kumwambia, ndiyo Tata, alikuwa Gael.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inawashukuru wapiga picha wenzake, inamshukuru Mama Noëlla aliyesafiri kutoka Likasi alikowakimbia, akakubali kukaa hapa katikati yenu. Ninyi majirani, asanteni kwa viti. Sasa mtapita mbele ya jeneza, tumeliacha wazi makusudi, mtazameni vizuri usoni, msije mkasema kesho kwamba naye alifia Goma.

Pumzika, Tata, kwa amani uliyonyimwa Musonoi.