Mshono Haumo Kwenye Mtihani

Benchi lenyewe ni ubao wa jengo uliokatika, umewekwa juu ya mawe mawili mbele ya kibanda cha fundi cherehani, na wenyewe wanaliita Bunge kwa sababu halipitishi kitu. Fundi ndiye Futi, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Zege ni fundi mwashi. Gia aliendesha mabasi miaka thelathini akastaafu, ila mguu wake wa kushoto haujapata habari, bado unakanyaga klachi. Bi Buli anauza kahawa na ndiye spika. Jioni ile wote waliinama juu ya daftari moja, la Sindano, binti wa Futi, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake. Kesho yake darasa la nne walikuwa na mtihani wa hesabu wa kila kitu walichosoma tangu mwaka uanze. Atakayeanguka anarudia darasa, na mwenzake wa dawati anapanda bila yeye.

— Sirudii tena kusoma, alisema Sindano. Mimi sina kichwa cha hesabu.

Futi alisimamisha cherehani. Neno lile lilimchoma kuliko sindano ya chuma. Mtoto huyu alianza kuhesabu vifungo kabla hajajua kufunga vyake.

— Nani kakwambia?

— Jaribio la wiki iliyopita. Nimepata nne kwa kumi.

— Ah! Nne! alidakia Gia. Kosa ni la saa. Mtoto anawekewa saa mbele kama basi la abiria. Wahenga wamesema, haraka haraka haina baraka. Mtihani ungekuwa wa siku tatu, angefaulu hata mbuzi.

— Kosa ni la sifuri, alisema Zege. Sikilizeni. Sifuri si kitu, sivyo? Sasa ukiiweka nyuma ya moja, inakuwa kumi. Kitu ambacho si kitu kimeongeza tisa! Huo ni uchawi, na watoto wetu wanafundishwa mchana kweupe.

— Wewe ndiye si kitu, alisema Bi Buli, na hapa benchini hujaongeza hata moja. Mwacheni mtoto asome swali. Soma, mama.

Sindano akavuta pumzi.

— Kitambaa cha meta kumi na mbili kimekatwa vipande vinne vilivyo sawa. Kila kipande kina urefu gani?

Akaandika 3. Futi akacheka kwa furaha, maana hili lilikuwa la nyumbani.

— Tatu, lakini usisahau mshono, mwanangu. Ukishashona, meta tatu hazipo tena. Ni tatu kasoro kidogo.

Sindano akachukua kifutio, akafuta, akaandika *tatu kasoro kidogo*.

— Matofali mia mbili na arobaini. Mkokoteni mmoja unabeba arobaini. Safari ngapi?

Akaandika 6.

— Saba! Zege alisimama kabisa. Matofali yanavunjika njiani, binti yangu. Lazima urudi mara ya saba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Na nusu ya miguu ni mmoja, alisema Gia. Hiyo ndiyo sehemu, andika hapo pembeni.

Sita ikafutika. Likafuata la wanafunzi arobaini na watano wanaopanda magari ya watu ishirini ishirini. Sindano aliandika matatu, Gia akasema mawili yanatosha, wale watano watabanana, watoto ni wembamba. Likaja la lita mbili za maziwa kwenye vikombe vya robo lita. Sindano aliandika vinane, Bi Buli akasema saba, kimoja ni cha mpishi kuonja, haba na haba hujaza kibaba.

Futi alimtazama mtoto akifuta, akipuliza vumbi la kifutio, akiandika kwa hati nzuri. Moyo ulimjaa. Yeye aliishia darasa la tatu, na hapa kulikuwa na mtu aliyesikiliza kila neno lake.

Ndipo mama yake Sindano akafika, ametoka zamu ya kufua mashuka hospitalini, viganja vyeupe kwa sabuni.

— Hamjambo, waheshimiwa?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Tunamfundisha mtoto, alisema Gia.

Mama akacheka, akaketi, akaomba karatasi ya lile jaribio. Sindano akaitoa mkobani imekunjwa mara nne. Mama akaikunjua na kuiinua juani. Akakaa nayo muda mrefu mpaka Bi Buli akaacha kumimina.

— Kuna misalaba sita, alisema Mama. Na chini ya kila msalaba kuna jibu lililofutwa. Hapa ilikuwa tisa. Hapa kumi na mbili. Yaliyofutwa yote ni sahihi.

Akawageukia, hana hasira, amechoka tu.

— Nani alimwambia afute?

Zege akavua kofia, akaitazama. Gia akakanyaga klachi. Bi Buli akafunika birika lisilokuwa na moshi. Futi akachungulia begani kwa mkewe, akalitambua neno *kasoro* kwenye karatasi ile. Mara mbili.

— Hakuna aliyeniambia, alisema Sindano taratibu. Nilikumbuka mwenyewe. Mwalimu hajui kushona. Baba anajua.

Futi aliinuka, akachuchumaa mbele ya mwanawe mpaka futi ikagusa vumbi. Alimpenda mtoto huyu hadi ikamuuma, na aliona haya mbele ya watu wote wala hakujali.

— Mama yangu, kichwa unacho. Sisi ndio tulikitia viraka. Kwenye mtihani hakuna mshono. Matofali hayavunjiki, na hakuna anayeonja maziwa. Jibu lako la kwanza ndilo hilo hilo.

— Hata nikikumbuka mlivyosema?

— Hata ukikumbuka. Sema moyoni, baba yangu hajui, kisha andika.

— Na kama la kwanza nimekosea?

— Basi utakuwa umekosea la kwako. Tutakaa nalo mimi na wewe, nawe utanifundisha.

Sindano akamwangalia kama anayempima upya. Kisha akafungua ukurasa mpya, akasoma swali kimya, akaandika. Zege alifungua mdomo. Bi Buli akamkanyaga. Benchi zima likanyamaza mpaka mtoto alipofika chini ya ukurasa.