Hodi ya Sylvester kwenye King'ora cha Ipyana

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Chuo, Baba Mchungaji, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa mlioacha kakao juani mkituamini kwamba mvua haitanyesha. Na wewe Mama Lugano, uliyekubali kukaa mbele ingawa ulishang'ang'ania kiti cha nyuma: mugonile! Mimi ni Asifiwe, mwalimu wa kompyuta, na nimepewa kazi ya kumuaga Mwalimu Eliud, anayestaafu leo huku akijifanya amefurahi.

Wanafunzi mnamjua kama mzee anayefoka mkiacha feni ikizunguka bure. Sisi tunamkumbuka yeye na marehemu Sylvester, mume wa Mama Lugano, wakibishana kutwa nzima juu ya mstari mmoja wa programu, kisha wakila ndizi na samaki sahani moja. Enzi zile zilikuwa tamu, jamani! Eliud aliandika, kwa lugha ya C, programu inayosoma kina cha mto. Sylvester aliandika kipande kidogo cha kupiga king'ora cha mafuriko, kwa asembli, lugha inayoiambia mashine kila hatua yake. "C ni ya wavivu," Sylvester alikuwa akisema. "Na asembli ni ya wasio na wake," Eliud anajibu, wala haangalii kama Mama Lugano yupo mlangoni na kapu la chakula.

Na mlio ule Sylvester aliutoa wapi? Ni hodi yake mwenyewe. Mbili za haraka, kimya, kisha moja ndefu. Ndivyo alivyobisha kila mlango, wa ofisi, wa kanisa, hata wa nyumbani kwake. Ndugu zangu wa Ipyana, mara ngapi mmeusikia, mkabeba watoto na magodoro kabla maji hayajawafikia?

Sylvester alifariki, king'ora kikaendelea kubisha. Kisha mwaka jana, masika yakikaribia, radi ikaunguza kompyuta yake ya zamani. Tukaletewa mashine mpya yenye mfumo mwingine kabisa, nayo ikakataa kazi ya Sylvester. Mimi nilisema tuandike king'ora upya kwa C, yote yaishe, na bado naona lilikuwa wazo zuri. Eliud akanitazama kama nimemwaga mchuzi juu ya Biblia. "Watu wamezoea kukimbia wakisikia hodi hii," akasema. "Ukiwapa mlio mwingine, watasimama kuulizana ni nini."

Basi akaanza. Kiunganishi, ile programu inayoshona kipande cha C na kile cha asembli viwe kitu kimoja, kilikataa katakata: C ilitayarishwa kwa biti sitini na nne, kazi ya Sylvester kwa thelathini na mbili. Akaitayarisha upya hiyo ya Sylvester. Kiunganishi kikadai jina la king'ora halipo. Halipo vipi, na sote tunaliona? Kumbe mfumo wa zamani uliweka kistari cha chini mbele ya kila jina, na huu mpya hauweki. Akakifuta, vikaungana, tukapiga vigelegele! King'ora kikabaki bubu. Zamani kipande kile kilichukua namba zake kwenye kumbukumbu. Mashine mpya inazileta moja kwa moja ndani ya prosesa. Eliud akarekebisha pale zinapoingilia tu. "Huku ndani ni kwake," akasema, "sigusi zaidi ya lazima."

Kikalia, lakini mbiombio, kama honi ya bajaji iliyokwama sokoni. Sylvester alipima kimya chake kwa mwendo wa kompyuta iliyochoka. Hii mpya ina kasi. Sasa kimya kile kilikuwa kirefu kiasi gani? Kila mtu alikumbuka la kwake, na mawingu yalishaziba milima. Eliud akapanda bodaboda, akarudi na Mama Lugano, tope la mpunga bado lipo miguuni.

Mama alikaa karakanani, amefumba macho. Eliud anabadili, king'ora kinalia, mama anatikisa kichwa. "Huyo ana haraka." Tena. "Huyo ni mtendaji wa kijiji." Tukacheka. Tena, na tena. Kisha kikalia, na kabla hatujamuuliza, Mama Lugano alikuwa ameshasimama, ameshika kitasa cha mlango. "Karibu baba," akasema. Akafungua. Nje palikuwa na uwanja mtupu. Tulilia sote, na Eliud ndiye aliyelia kuliko wote.

Masika yale mto ulifurika, na Ipyana mlitoka wote, hata wagonjwa.

Mwalimu Eliud, rafiki yako amebaki nasi kwa sababu hukuona uvivu kumtafutia njia ya kuingia. Ndaga fijo, asante sana. Nikishuka hapa, utakipiga king'ora kwa mara ya mwisho. Wa Ipyana waliobaki nyumbani wameshatangaziwa wasikimbie. Nami naomba sote, mheshimiwa na mwanafunzi, tukisikia hodi ile, tumwitikie kama alivyoitikiwa nyumbani kwake. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwalimu, bisha.