Baraka Hutolewa Mlangoni

Dresa Manasseh Onchiri, mhudumu wetu wa vidonda na sindano, anastaafu tarehe 31 Desemba 1957, baada ya kuitumikia zahanati yetu ya Kebirigo miaka ishirini na mitatu. Aliingia akiwa na nywele. Mimi Loice, mfua shuka wa hapa, nimeambiwa niandike habari zake kwa kuwa wenye shule wangeandika mpaka chai ipoe.

Alianza kwa kuosha vidonda na kufukuza kuku barazani. Dawa za sindano zilipokuja katika vichupa vyenye kifuniko cha mpira, akashikwa na ugonjwa wa kuvilinda. Kila mara aliufuta mpira kwa pamba yenye spiriti, kisha akasimama kungoja ukauke. Sindano aliinoa kwenye jiwe, akaidunga kwa kuilaza kidogo, mdomo wa sindano ukitazama juu, maana sindano butu inayodungwa wima hukata chembe ya mpira ikaingia kwenye dawa. Watu walimwita Kobe. Jina nilimpa mimi, na lilimfaa.

Mwaka 1951, katika mvua, mjukuu wangu Nyanchera akapata kichomi. Barabara ya Kisii ilikuwa tope tupu, na penisilini iliyobaki ilikuwa kichupa kimoja, cha kutosha mara mbili. Manasseh alipogeuka kuchukua pamba, mume wangu Machogu, Mungu amlaze pema, akakitwaa kichupa akautemea mpira mate ya baraka, kama alivyobariki mbegu za wimbi. Manasseh akaufuta. Machogu akawaka: kwani baraka yake ni uchafu? Manasseh akamwambia baraka, mzee, imeshaingia. Yeye anaondoa mate tu.

Tukamhimiza, Kobe, Kobe, akadunga kwa haraka. Akavuta dawa, akainua bomba la sindano dirishani, akaona chembe nyeusi inaelea. Akaimwaga dawa yote ya bomba. Mtoto mbavu zinaingia ndani, na mtu anamwaga dawa! Nilimtukana kwa Ekegusii hadi wagonjwa wa malaria wakaketi wasikilize. Yeye akaniagiza nichochee moto, achemshe bomba na sindano nyingine. Kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza huku machozi yananitoka, kwa moshi. Dawa iliyobaki nayo ikiingia mpira, basi tena.

Akaufuta mpira upya. Akangoja ukauke upya. Safari hii hakuna aliyesema Kobe. Akailaza sindano, akavuta, akatazama dirishani kama mtu anayenunua shanga. Ilikuwa safi. Akamdunga.

Dawa nyingine ilipopanda kutoka Kisii, Nyanchera alikuwa ameshaomba uji, akaukataa kwa kuwa ni mwepesi. Machogu alijisifu mpaka kufa kwamba ni mate yake. Manasseh hakumbishia, ila tangu siku hiyo kila anayeleta mgonjwa hukaa mikono nyuma, na baraka hutolewa mlangoni.

Gesare, unayepokea kazi, jiwe la kunolea liko dirishani. Usiwe na haraka. Macho bado ninayo, na mdomo pia.

Manasseh, asante. Siku ya sherehe Nyanchera ndiye atakayekukabidhi kikapu cha wimbi. Usikifute kwa spiriti; amenawa mikono, nimemsimamia mwenyewe. Kapumzike kwenye migomba yako, ule ushibe, uzeeke polepole kama ulivyofanya kila kitu.