Mama Kipimo na Breki za Kidonge

Leo ni Jumatatu, tarehe 20 Oktoba. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 31, Mama Kipimo atafunga mlango wa maabara ya shule yetu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mitatu. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye ndiye mhariri wa jarida letu, ametaka wasifu wake uandikwe na mwanafunzi. Naahidi kueleza yote niliyoyaona na kuyasikia, pamoja na lile la debe ambalo mwenyewe aliomba liachwe.

Aliajiriwa kuosha vyombo. Wakati huo maabara ilikuwa chumba kimoja chenye mabomba mawili, na bomba moja halikutoa maji. Alilitengeneza wiki ya kwanza bila kuagizwa na mtu. Baadaye alisoma wakati wa likizo, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa fundi wa maabara, na tangu hapo hakuna mtihani wa vitendo ulioahirishwa kwa sababu kifaa kimekosekana. Jina la Mama Kipimo alipewa na wanafunzi wa zamani kwa sababu hapokei neno "kidogo". Ukimwambia umeongeza maji kidogo, atakuuliza, "Kidogo ndiyo ngapi, mwanangu?" na atasimama hapo hapo mpaka umpe namba.

Wengi tunamjua kwa koti lake jeupe. Wachache wanajua kwamba Jumamosi huvaa ovaroli la kijani alilolishona mumewe, ambaye ni fundi cherehani, akalala chali chini ya gari.

Gari lenyewe mmeliona mara nyingi nyuma ya jiko la shule. Ni dogo, jeupe, la mviringo, lina milango miwili na injini yake iko nyuma. Sisi tunaliita Kidonge. Alilinunua miaka ishirini na sita iliyopita kwa mwalimu wa fizikia aliyekuwa anahama, na siku hizo kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Gereji mbili zilimshauri aliuze kama chuma chakavu. Yeye akaenda maktaba kuazima kitabu cha ufundi wa magari. Kadi ya kitabu hicho bado ipo, na ina saini kumi na nne, zote zake.

Ili kuandika habari hizi, mimi na mwenzangu wa dawati tulikwenda kwake Jumamosi tatu mfululizo. Hutandika shuka kuukuu jeupe uani, na kila kinachotolewa kwenye gari hulazwa juu yake kwa mpangilio, kuanzia kushoto kwenda kulia, kama maneno kwenye mstari. Wakati wa kurudisha, huanzia kulia. Kila kipande kina lebo ya karatasi yenye tarehe, kama chupa za maabara. Sheria ni moja tu: shuka halirukwi. Mumewe aliwahi kuliruka akiwa na sinia la chai, akatua kwenye nati, na tangu siku hiyo huzunguka nyumba nzima ili kufika upande wa pili.

Sasa lile la debe. Mwaka mmoja alikifungua Kidonge chote kwa ajili ya usafi. Aliisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akazibua mrija wa petroli, akarudisha kila kitu mahali pake. Gari likakataa kuwaka. Akafungua tena, akapima, akafunga. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu mumewe alikuja na chai, kwa njia ndefu, akamuuliza kwa upole, "Bibie, na petroli je?" Petroli ilikuwa stoo, ndani ya debe la bati lililofungwa vizuri, na lebo safi iliyoandikwa kiasi, tarehe na neno HATARI. Aliimimina humo kwa uangalifu mkubwa, akaiweka mbali na jiko, akasahau kuirudisha kwenye tangi. Mumewe anasema tangu wafunge ndoa hajawahi kushinda mjadala mwingine, kwa hiyo huu ataendelea kuusimulia.

Tulicheka sana tuliposimuliwa hayo Jumamosi ya kwanza. Ya pili hatukucheka, na nimeahidi kueleza yote.

Binti yao, ambaye ni muuguzi, amewaomba wazazi wake wahamie kwenye jengo analoishi yeye, ili awe karibu nao. Wamekubali, na wamefurahi. Lakini nyumba hiyo iko ghorofa ya tatu, na chini hakuna ua, kuna barabara tu. Kidonge hakina pa kukaa. Amepatikana mnunuzi, mwenye hoteli, ambaye alikuja tukiwa pale. Alikizunguka Kidonge akitabasamu, akaeleza kwamba atakiweka mlangoni pa hoteli yake, atoe injini na kuotesha maua ndani. "Wageni watapiga picha," alisema. Mama Kipimo alimjibu kwa adabu kwamba atafikiri. Mnunuzi alimpa mpaka mwisho wa mwezi huu.

Jumamosi ya tatu, yaani juzi, tulimkuta anatengeneza breki. Alikuwa ameshabadilisha mpira wa breki wa gurudumu la kushoto, na sasa alikuwa anatoa hewa kwenye mirija ya breki. Kazi hiyo inahitaji watu wawili, kwa hiyo fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye usukani na miwani yake ya kushonea, anafuata amri.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo. Haya, achia."

"Mguu umeanza kufa ganzi, bibie. Wa kwenye cherehani haujawahi kulalamika hivi."

"Huo wa cherehani umeuzoesha vibaya. Kanyaga."

Walirudia hivyo labda mara ishirini, mpaka mafuta ya breki yakatoka bila povu. Kisha mumewe alishusha kioo na kusema taratibu, "Lakini yule bwana alisema gari halitakwenda popote. Breki za nini?"

Mama Kipimo alifuta mikono yake kidole kimoja kimoja. "Sikumtengenezea yeye," alisema.

Mzee alikanyaga breki mara moja zaidi, bila kuambiwa, akasema, "Imekuwa ngumu kama jiwe. Safi kabisa." Halafu akateremka na kuzunguka nyumba kwenda kuleta chai.

Sisi tulirudi shuleni tukiwa na wazo. Leo asubuhi tulikwenda kwa mwalimu mkuu. Tulimweleza kwamba banda la baiskeli nyuma ya maabara halitumiki, kwamba lina paa zima, sakafu ya saruji na mlango wa kufuli, na kwamba kutoka kwenye jengo la muuguzi mpaka hapa ni dakika kumi na nane kwa miguu. Tulipima, kwa sababu tulijua tutaulizwa. Tulimpa pia karatasi yenye majina ya wanafunzi ishirini na wawili wanaotaka kujifunza ufundi wa gari siku za Jumamosi. Aliisoma yote. Alisema banda litatolewa kwa sharti moja, kwamba Mama Kipimo mwenyewe akubali kushika ufunguo na kufundisha, kwa saa atakazozipanga yeye, na kwamba asishurutishwe na mtu.

Kwa hiyo hatumshurutishi. Tunamshukuru kwa miaka yote, kwa kila chupa aliyoifuta na kila kosa letu alilolisahihisha bila kutuaibisha. Tunamwombea afya njema, ngazi nyepesi za kupanda mpaka ghorofa ya tatu, na chai isiyopoa njiani. Akisema hapana, tutaelewa, na mapenzi yetu kwake yatabaki vilevile.

Kwa kawaida mstaafu hupewa wasifu wake ausome kabla haujachapishwa, ili asahihishe palipokosewa. Mama Kipimo, nakala hii utaletewa na mlinzi wa shule leo jioni, naye atapita kuichukua kesho asubuhi. Mhariri ametuachia mistari miwili wazi chini ya ukurasa, na hapo hatuhitaji masahihisho, tunahitaji jibu lako tu: siku ya Ijumaa, tarehe 31, tukufungulie mlango wa banda uingie na Kidonge?