Kinyozi Aliyekataa "Na Wengineo"

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kujitolea, mwenzetu tuliyezoea kumwita Kinyozi anastaafu tarehe 30 Juni kutoka Kikundi cha Historia ya Mji. Mshahara hatukuwahi kumlipa, kwa hiyo kiinua mgongo asikitegemee.

Alijiunga tulipohamia chumba kilicho juu ya duka lake. Alipanda ngazi kulalamikia kelele za viti vyetu, akaona picha za zamani mezani, akasahau kilichomleta. Kesho yake alianza kuzibandika kando ya kioo chake. Mteja akishanyolewa nusu kichwa, anaulizwa kama anamjua huyu au yule. Atakimbilia wapi na nusu kichwa? Watu walitaja wajomba, mashangazi, hata wakwe waliokosana nao.

Aliwahi kuteleza. Alimwandika karani mmoja wa posta kuwa marehemu, na siku ya maonyesho yetu ya picha karani akaingia kwa miguu yake, akaisoma habari hiyo, kisha akauliza alikufa kwa ugonjwa gani. Tangu hapo Kinyozi alituwekea sheria kwamba haliandikwi neno mpaka lithibitishwe na watu wawili wasio wa ukoo mmoja.

Kazi yake kubwa ni kuwatafutia majina watu wa picha moja ya zamani, ya wajenzi wa daraja la mji. Daraja lilipokarabatiwa, halmashauri ilitaka kibao chenye majina ya mhandisi na wasimamizi, kisha "na wengineo". Kinyozi alikuja juu. Alisema hajawahi kumnyoa mtu anayeitwa Na Wengineo. Aliwaandama ofisini hadi mlinzi wao akawa mteja wake, na akazunguka na picha ile nyumba kwa nyumba. Mafundi, wabeba mawe na mpishi wao wote wakapata majina. Alibaki mmoja tu, mama aliyejitwika karai la kokoto. Halmashauri ikasalimu amri. Kibao kikachongwa majina yote, na chini ikaachwa nafasi ya jina moja.

Sasa macho yake yamefifia, hawezi tena kuziona picha vizuri, na hilo linatuuma sana. Binti yake amerithi kiti na mashine. Picha ya mama yule ipo palepale kando ya kioo, wateja wajiandae.

Kinyozi, asante kwa ung'ang'anizi wako. Pumzika, cheza na wajukuu, uishi miaka mingi yenye heri. Neno marehemu hatutaliharakisha tena. Na siku jina la mama yule litakapochongwa, hatutakusomea. Tutakushika mkono hadi darajani, ulisome mwenyewe kwa vidole.