Usiifungue Bahasha

Benchi la kando ya duka la mabati lilikuwa na miguu minne, ila mmoja wao ulikuwa tofali. Hapo ndipo dunia ilipotengenezwa kila asubuhi, Shangazi akimimina kahawa kutoka kwenye birika lililoungua kitako, na wateja wake wakimimina maneno. Upande wa kivuli alikaa Kamusi, karani mstaafu wa stoo ya shule, mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo akasema halijui. Upande wa tofali alikaa Breki, fundi baiskeli, kwa kuwa tofali lenyewe alilileta yeye. Katikati yao, kwa siku ambazo hakuna aliyekuwa akizihesabu, alikaa Pasi. Huyu alikuwa amenyoosha mashuka ya hoteli miaka tisa, mpaka siku msimamizi alipomwita, akamwambia mashuka arobaini hayaonekani, akamkabidhi bahasha na kumwamuru akae nyumbani. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na gundi yake haijaguswa.

— Inakuwasha? — Kamusi alimuuliza alipomwona anaipapasa.

— Mama watoto hanipi raha, — Pasi akasema. — Leo tena ameniambia, ngoja ngoja huumiza matumbo.

— Tumbo linakuuma? — Breki akadakia.

— Haliumi.

— Basi endelea kungoja.

— Mkeo hajui sheria, — Kamusi akasema, akipuliza kahawa yake. — Nimekwambia na nitarudia. Barua isiyofunguliwa haijapokelewa. Na barua isiyopokelewa haiwezi kumfukuza mtu kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa bahasha wameiziba wenyewe, wewe unataka kuizibua ya nini?

Pasi aliitikia kwa kichwa. Sheria hiyo aliipenda tangu siku ya kwanza, na sababu yake haikuwa elimu. Alikuwa anaogopa, basi. Kila jioni mkewe alipolifua shati aliitoa bahasha akaiweka mezani kimyakimya, na kila asubuhi Pasi aliitia kwenye shati safi, akaja kijiweni kuambiwa kwamba woga wake una jina zuri.

— Mimi mwenyewe ninayo moja kabatini, — Kamusi akaendelea. — Ya ofisi ya pensheni. Mwaka wa pili huu. Imenidhuru nini?

— Na pensheni inakuja? — Shangazi akauliza.

— Imesimama kidogo tu. Kitu kusimama si kufa, Shangazi. Hata saa husimama.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja aliyevaa viatu vya mpira vya wafanya usafi, faili la plastiki kwapani. Akawasalimu, akaomba kikombe, kisha akauliza:

— Samahanini wazee wangu. Ile ofisi ya ushauri wa bure imehamia wapi? Nimeambiwa ni mitaa hii hii.

Shangazi alinyoosha kidole juu. Ngazi za chuma zilipanda ubavuni mwa duka la mabati mpaka kwenye mlango wa buluu, na watu watano sita walikuwa wamekaa juu ya vidato na makaratasi yao mapajani. Kijiwe kilikuwa kimekaa chini ya ngazi hizo mwezi mzima.

— Dada, usipande, — Breki akamwonya. — Rahisi ni ghali. Sasa kama rahisi ni ghali, bure itakuwaje?

— Wanachukua nini?

— Shida, — Kamusi akajibu. — Wewe unaeleza, wao wanaandika. Wakishajaza madebe wanazipeleka nje kuziuza.

— Nani huyo anunue shida? — Shangazi akashangaa.

— Nchi ambazo hazina. Wanazitaka za kujifunzia.

— Sikia mkasa wa jirani yangu, — Breki akasema na kusogea mpaka tofali likatikisika. — Dalali alikuja akambebea friji kwa sababu ya deni. Jirani akapanda hapo juu. Wakapiga simu, wakaandika barua, wakamwambia yule dalali hakuwa na karatasi ya mahakama. Siku ya nne friji likarudi, na deni wakampangia alipe kidogo kidogo. Sasa nikuulize, umeona wapi dalali akarudisha friji?

— Si wamemsaidia?

— Wamemsaidia! Ndani ya lile friji wametia kitu cha kusikiliza watu. Usiku linaunguruma.

— Friji zote zinaunguruma, Breki.

— Ehee! Jiulize kwa nini.

Yule mwanamke hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, mdomo wazi kidogo, kama anayesubiri waseme walikuwa wanatania. Hawakusema.

— Mimi hao watu wamenisaidia, — akasema. — Marehemu mume wangu, mwaka wake wa kuzaliwa uliandikwa vibaya kwenye kadi moja. Mafao yake yakakwama. Kila dirisha naambiwa nenda dirisha lile. Wale wakazilaza kadi zote mbili mezani, wakalikuta kosa, wakaandika barua, na mmoja akaenda na mimi mpaka dirishani. Sasa watoto wanapata haki yao. Sikutozwa hata senti.

— Bado, — Kamusi akasema kwa huruma. — Utaona.

Macho ya mwanamke yakatua kwenye mfuko wa Pasi.

— Na wewe kaka, unangoja kupanda?

Kamusi ndiye aliyemjibu kwa niaba yake. Akaeleza habari ya mashuka arobaini, akaeleza sheria ya bahasha, mwanzo mpaka mwisho, kwa raha ya mtu anayepata msikilizaji mpya. Alipomaliza, mwanamke alikiweka kikombe chini.

— Ndani imeandikwa nini?

Kamusi akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Nauliza, barua inasemaje?

— Inamfukuza kazi, — Breki akasema.

— Umeisoma?

— Nitaisomaje na imefungwa?

— Mungu wangu! Mmekaa siku zote hizi mnamshauri mtu juu ya barua ambayo hakuna hata mmoja aliyeisoma?

— Siri ya mtungi aijuaye kata, — Kamusi akajitetea.

— Basi shika kata yako, — Shangazi akasema, akampa Pasi kijiko cha sukari. — Chana hapo. Na mimi nimechoka.

Pasi aliona aibu kukirudisha kijiko mbele ya mgeni. Akaingiza mpini kwenye pembe ya bahasha, akachana. Ilikuwa karatasi moja tu. Alisoma kwa sauti ndogo, na kila mstari sauti ikazidi kupungua:

— “Hujaachishwa kazi. Umesimamishwa kwa muda, na mshahara wako utaendelea. Unatakiwa kuleta maelezo yako kwa maandishi kuhusu upotevu wa mashuka, kabla ya saa kumi jioni, tarehe kumi na tisa mwezi huu. Usipoleta, itahesabiwa kwamba umeacha kazi kwa hiari yako.”

— Hujafukuzwa! — Breki akaruka, benchi likainama. — Kumbe hujafukuzwa!

— Kwa hiari yangu, — Pasi alisema. — Wangesema nimeacha mwenyewe.

— Leo tarehe ngapi? — mwanamke akauliza.

Wakatazamana. Pasi simu yake huiacha kwa mkewe. Ya Shangazi ilikuwa ndani ya duka ikichajiwa. Breki aliitoa yake, ambayo huzima na kuwaka inavyopenda, ikamwambia ni tarehe mosi Januari. Akachomoa gazeti chini ya tofali, akalirudisha upesi benchi lilipoyumba. Kamusi alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akafika mahali akasita.

— Ni katikati ya mwezi, — akasema.

— Katikati ipi, mzee?

Kamusi hakujua. Mwanamke akafungua faili lake. Karatasi ya miadi ilikuwa imebanwa juu kabisa, na aliisoma polepole.

— Miadi yangu ni leo, saa nne na nusu. Tarehe kumi na tisa.

Pasi aliitazama tarehe ya barua, kisha ile ya miadi. Hakuwahi kushtuka hivyo, hata siku msimamizi alipoyataja hayo mashuka. Siku ile alionewa. Leo aliona jinsi alivyojidhulumu mwenyewe, kikombe mkononi, asubuhi baada ya asubuhi, huku kazi ya miaka tisa ikiteketea ndani ya mfuko wa shati lake. Akamgeukia Kamusi.

— Mzee, nilikuamini.

— Mimi nilikuwa nakutakia mema, — Kamusi akasema.

— Mke wangu naye alinitakia mema! Aliniambia fungua!

— Mtagombana jioni, — mwanamke akasema. — Saa kumi bado haijafika. Mimi namba yangu ya miadi ni ya tatu, na nimekuja kufuatilia tu, hainiumi nikirudi kesho. Ingia mahali pangu. Twende.

Pasi akainuka. Mwanamke alikuwa amekwisha kukanyaga kidato cha kwanza alipogeuka, na hakukuwa na kejeli sautini mwake. Alitaka kujua tu.

— Na ile yako ya kabatini, mzee wangu? Yenyewe inasemaje?

Breki alilitazama tofali. Shangazi aliinua birika amwongezee Kamusi, likatoa matone mawili, likakauka. Kamusi aliendelea kuishika ile kahawa ya matone mawili kwa mikono yote miwili.

Nyuma ya mlango wa buluu kulikuwa na meza mbili, feni isiyozunguka, na binti wa miwani aliyekunja mikono ya blauzi. Pasi alitarajia binti huyo angalau ashtuke, lakini alitazama tarehe, akatazama saa ya ukutani, akavuta karatasi.

— Wewe ni wa nne wiki hii, kaka, — akasema. — Watu wanaziogopa bahasha. Keti. Mashuka ukishayanyoosha nani anayachukua?

— Mtunza stoo.

— Anasaini?

— Anasaini. Kuna daftari, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya stoo lisiibwe. Kila toroli lina saini yake na saa yake.

— Na hayo arobaini?

Pasi akalikumbuka daftari. Wiki ambayo mashuka yalidaiwa kupotea, alikuwa amesaini mtunza stoo, toroli baada ya toroli, na Pasi alikuwa amesimama pale pale akimwazima kalamu. Wiki mbili kijiweni wamejadili madalali, nchi za nje na friji zinazosikiliza watu, wala hapakuwa na mtu aliyemuuliza mashuka huenda wapi.

— Alisaini, — akasema. — Yote alisaini.

— Hilo ndilo tunaloandika.

Wakaandika. Binti alimfanya asome kwa sauti, akafuta sentensi ambayo Pasi alimtukania msimamizi, akaacha ile iliyoomba daftari liletwe. Akachapa nakala mbili.

— Moja wape, nyingine wagonge muhuri wa kupokea, ubaki nayo. Sikuahidi kwamba watakubali. Ila wakikataa kupokea au wakikuita kikaoni, rudi hapa, mmoja wetu ataenda na wewe. Na usikae nayo mfukoni.

— Nakulipa nini?

— Wahi tu, kaka.

Ilikuwa saa sita kasoro. Pasi alitoka mbio, karatasi mkononi na si mfukoni, akaanza kushuka kwa kuruka vidato viwiliviwili, akiwaomba radhi waliokaa. Katika kidato cha chini kabisa, mwisho wa foleni, ilibidi asimame, kwa kuwa mtu aliyekaa pale hakusogea.

Alikuwa Kamusi. Amevaa koti, jua lote lile, na viatu vimejaa vumbi la kwenda nyumbani na kurudi kwa haraka. Mapajani mwake kulikuwa na bahasha iliyogeuka rangi ya chai, gundi yake haijaguswa, na kijiko cha sukari cha Shangazi kimelazwa juu yake. Kule benchini Breki alikuwa peke yake, hana wa kubishana naye.

Hasira aliyokuwa nayo Pasi ilimtoka yote. Akachuchumaa mbele ya mzee.

— Imenishinda, — Kamusi akasema. — Nimejaribu.

Pasi alikichukua kijiko, akachana taratibu, akaikunjua karatasi. Macho yake yalikwenda kwenye tarehe kabla hajayazuia. Kamusi hakuitazama karatasi, alikuwa akiutazama uso wake, na aliona.

— Nisomee, mwanangu, — akasema. — Ila hiyo tarehe usiitaje.